Kwa Nini Jiko la Monasteri ya Lihangwa Halina Mlango

Niliyaona kwa macho yangu haya. Wanaosema nilikuwa sijazaliwa waacheni na hesabu zao. Aliyesimama dirishani ni mimi, si wao.

Zamani mkahawa huu mnamokula leo ulikuwa bwalo la watawa, na jiko lake lilikuwa na mlango wa mninga, mzito, ukifungwa hata harufu haipiti. Watawa walikula humu ndani, kimya kimya. Vibarua waliofyatua matofali na kuzijenga kuta hizi walipewa sahani zao kwa nyuma, wakala nje wamechuchumaa, iwe jua iwe mvua.

Mpishi alikuwa Mama Siksta Nyoni, mwepesi wa hasira, mzito wa mkono. Mumewe, Wendelini, ndiye fundi aliyeyajenga matao haya mnayoyapiga picha. Uzeeni kifua kikambana. Masika moja mkewe akamwomba Abate, mkubwa wa watawa, amruhusu mzee ale ndani karibu na joto. Abate akasema desturi ni desturi, akaufunga ule mlango kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, kama anayefunika chungu.

Mchana ule mvua iliingia kwenye sahani ya Wendelini mpaka maharage yakaelea. Mzee akala hivyo hivyo, huku anakohoa. Mama Siksta alimwona. Alichukua shoka, akaung'oa mlango, akaupasua vipande, akaupikia chakula cha jioni.

Abate alipouliza mlango uko wapi, Mama Siksta alimjibu huku anapakua:

"Baba Abate, mlango umeivisha maharage yako. Weka mwingine, kesho nitausongea ugali."

Kisha akamshika mumewe mkono, akamkalisha kwenye kiti cha Abate. Vibarua wakafuata na matope yao miguuni, na hakuna mtawa aliyethubutu kuinua macho. Abate akainama mbele ya wote, akamwomba mzee radhi.

Na tangu siku hiyo jiko hili halina mlango. Watawa walishaondoka, mkahawa ukaingia, wenye mali wakaleta maseremala mara tatu, na mara tatu wapishi wakawafukuza. Kwa hiyo ninyi mnaonung'unika kwamba moshi unawachoma macho, uacheni uwachome.

Jambo moja tu nimelitia mwenyewe: ile radhi. Abate hakuomba. Alikula kwa kusimama, akamaliza, akafuta mdomo, akaenda zake.