Juki Ndani ya Gogo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko na majirani kama sisi, Tembo na Kifaru walitoka kutafuta kuni. Tembo alikuwa msomi. Msomi wa nini? Wa majina! Jina halikumpita bila kuelezwa lilikotoka, hata pasipo aliyeuliza.

Wakalikuta gogo kavu. Ndani yake, wanangu, aliishi nyuki mweusi mnene, yule atoboaye mbao. Mkewe alikuwa amekwenda mauani, naye alibaki na watoto, ambao hata mabawa walikuwa hawajaota. Awalinde kwa silaha gani? Nyuki dume hana mwiba.

"Jina hupima kitu, Kifaru," Tembo alikuwa akisema. "Nyoka akizidi, ni joka. Nyumba ikizidi, ni jumba."

"Ndiyo, bwana mkubwa. Nipasue?" Kifaru akainua shoka.

Nyuki akajibana tunduni, akavuma, na gogo tupu likamkuzia sauti: VUUUUUM!

Shoka likaanguka, puu!

"Nani humo?" Kifaru akauliza.

"Juki!"

"Juki ndiyo nini?"

"Hunijui? Muulize msomi wako!"

Tembo hakuwahi kusema "sijui" tangu azaliwe. Akakohoa.

"Ni rahisi tu. Joka ni la nyoka, jumba ni la nyumba, basi juki ni la... nyuki." Masikio yakamlegea.

"Mkubwa kiasi gani?"

"Joka humeza mbuzi mzima. Sasa wewe pima mwenyewe!"

"Mama yangu! Na mwiba wake?"

"Kama mkuki!"

Kifaru akalitazama gogo. "Lakini bwana, gogo lenyewe jembamba. Si tuchungulie kwanza?"

"Tuchungulie?" Tembo akafoka. "Nimekwisha kuthibitisha, wewe wataka kuchungulia? Mjinga mkubwa!"

"Enyi mabwana," nyuki akanguruma, "mnangoja nitoke?"

Tembo huyo! Kishindo, di di di di! Kifaru akafuata, shoka kaliacha.

Nyuki akatoka juani, kiumbe wa kiasi cha njugu moja.

"Kichwa chote kile," akasema, "na jicho halikufika tunduni!"

Tembo naye, alipofika kwake akihema, aliwakusanya wanawe akawafundisha, kwa ushahidi kamili, kwamba juki humshinda kifaru kwa urefu.

Wanangu, kulijua jina si kumjua mwenye jina.