Unyoya wa Bi Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Ninyi wa nyuma, mmeitika kwa midomo au kwa usingizi? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakifuga mbwa, Bi Kanga alitotoa vifaranga kumi na wawili. Nguchiro akaja, akala mmoja. Akarudi, akala wa pili. Kila mvua ilipokatika, nguchiro huyo. Wakabaki saba.

Bi Kanga akasema, "Nitatafuta mtoto wa mbwa anilindie wanangu." Lakini aliogopa, maana mbwa naye hula kanga.

Akaenda, tiki, tiki, tiki, mpaka kwa Fisi. Fisi alikuwa na watoto wa mbwa wengi, weupe, weusi, wa madoa.

"Karibu, dada. Chagua, chukua, nenda."

"Mama yao nimwone."

"Amekwenda kisimani."

"Nitamngoja."

"Akitoka kisimani anapitia kwa shangazi yake. Dada, umekuja kuchukua mtoto au kuposa mama?"

Nyuma ya ua wa miiba kukasikika kikohozi cha mbwa mzima, kho, kho, kho. Watoto walilala juu ya uchafu wao, macho yamejaa tongotongo. Bi Kanga akawaonea huruma. Alitamani kuwachukua wote. Lakini alijua: akichukua mmoja leo, yule mama aliyefichwa atazalishwa tena kesho. Akaaga.

Tiki, tiki, tiki, mpaka kwa Ngiri.

"Mama yao nimwone."

"Huyo hapo mlangoni, mruke tu."

"Na baba yao?"

Ngiri akacheka. "Hapo usiniulize. Huyu alitoroka siku tatu, akarudi na mimba. Chukua bure, dada, wananitafunia mikeka."

Ngiri alikuwa na roho safi. Ila watoto walikuwa wadogo mno, hata kusimama walikuwa hawajaweza, naye hakujua wakikua watakuwa mbwa wa namna gani. Bi Kanga akamshukuru kwa kusema kweli. Akaaga.

Tiki, tiki, tiki, mpaka kwa Bi Nungunungu.

"Mama yao nimwone."

"Utamwona. Kwanza nikuone wewe. Unalala wapi?"

"Juu ya mti."

"Na mbwa atalala wapi, tawini?"

Bi Kanga akaparua vumbi kwa kucha.

"Atakula nini, mtama?"

Bi Kanga akaparua tena.

"Na akikushinda?"

"Nitamwacha aende porini."

"Akikushinda utamrudisha hapa. Porini usimwache."

Ndipo akamwonyesha mama mbwa, mnene, mtulivu, watoto wanne matitini.

"Nipe mmoja basi," akasema Bi Kanga.

"Bado wananyonya. Ng'oa unyoya wako mmoja uniachie. Mwezi ukiandama mara mbili, rudi."

"Nguchiro hahesabu miezi, mama."

"Najua. Unyoya."

Bi Kanga akaung'oa kwa hasira. Bi Nungunungu akauweka katikati ya watoto wa mbwa, wakanyonya juu yake, wakalala juu yake.

Katika kungoja kule, nguchiro alikula mwingine. Wakabaki sita. Bi Kanga akalia, akamlaumu Bi Nungunungu asubuhi na jioni. Lakini huku analia, alijenga kibanda chini ya mti, akakusanya mifupa.

Mwezi ukaandama mara mbili. Bi Kanga akamfuata mtoto wa mbwa, akaja naye nyumbani, mbwa kashika unyoya mdomoni. Akawaona vifaranga. Akawakimbilia, mbio, mbio, mbio. Bi Kanga akafumba macho.

Kimya.

Akafumbua. Mbwa alikuwa akimnusa kifaranga mmoja, kisha mwingine. Harufu ilikuwa ile ile ya mahali aliponyonyea. Akajilaza. Kifaranga akampanda mgongoni.

Mvua ikakatika. Nguchiro huyo. Bwe! Bwe! Bwe! Mpaka leo hajarudi, na vifaranga sita wakakua, wakaota mbawa.

Bi Kanga akarudi kwa Bi Nungunungu. "Nilikukasirikia, mama."

"Wengi hunikasirikia."

"Nimekuja kushukuru. Kwa mbwa, na kwa yale maswali."

Basi wanangu, na ninyi wazazi wao: ukitaka mtoto wa mbwa, mtazame kwanza anayemlea. Anayemficha mama, mwache. Asiyejua, mshukuru kwa ukweli wake, uendelee kutafuta. Na anayekuhoji wewe usimnunie, maana anampenda yule utakayeondoka naye.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya mti wa Bi Kanga, mbwa amelalia unyoya wake.