Kibali Ndani ya Godoro

Kaeni vizuri, akina mama, na mwenye simu aizime, maana nikishaanza sirudii.

Palikuwa na mama mmoja, mshona magodoro ya sufi. Alivuka mpaka akikimbia vita vya kwao, tumboni mimba, kichwani sufuria moja, akaingia mji ambamo hakuwa akimjua hata mbwa. Akashona. Akazaa. Akazika mume. Miaka kumi na minne alipanga foleni, ndipo serikali ya nchi ile ikampa kibali cha ukaazi: karatasi moja ngumu, picha yake juu, jina lake chini ya picha, na neno KUDUMU kwa herufi kubwa.

Siku ile hakwenda nyumbani kwanza. Alipitia duka la fotokopi, akasema, "Nipigieni laminesheni. Ikiwezekana mbili, moja juu ya nyingine." Karatasi ikatoka ndani ya plastiki, ingali ya moto, inang'aa kama sahani ya harusi. Alipofika nyumbani akafumua godoro lake mwenyewe, akaisukumia katikati ya sufi, akashona. Mshono wa fundi. Akalala juu yake miaka kumi na miwili. Mwizi angeipatia wapi? Panya angeanzia wapi?

Jirani yake alikuwa muuza dagaa, naye alikimbia vita vilevile, akapewa kibali kilekile mwezi uleule. Cha huyu kilikaa kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na dagaa.

Sasa sheria, jamani, haikai ilipowekwa. Mwaka wa pili gari la matangazo likapita: kila mwenye kibali cha kudumu akipeleke ofisini kila baada ya miaka miwili, kigongwe muhuri nyuma, ijulikane kuwa bado yupo.

"Shoga, twende," muuza dagaa akaita.

"Niende wapi? Changu ni cha kudumu. Unajua maana ya kudumu, au kwenu shule iliishia chekechea?"

"Wamesema wote."

"Wote wenye karatasi chafu! Hebu itazame hiyo yako, kama imetapikwa na paka."

Muuza dagaa akajifunga khanga yake, akaenda. Miaka miwili ikapita, akaenda tena. Na tena. Mwenzake akimwona anarudi amechomwa na jua la foleni, anacheka mpaka anaangusha sindano.

Mwaka wa kumi na mbili kicheko kikakauka. Gari likarudi na sauti nyingine: asiye na mihuri mwisho wa mwezi huu atarudishwa alikotoka. Na askari hawakungoja mwisho wa mwezi. Jumanne walimchukua fundi viatu, nyundo mkononi. Alhamisi wakachukua nyumba nzima, chungu kikabaki kinachemka jikoni, majirani wakasikiliza mpaka maji yakaisha.

Mshona magodoro akaacha kupiga sufi kwa fimbo, maana mlio ungesema yupo. Akaacha kuwasha moto, maana moshi nao una mdomo. Injini yoyote ikiunguruma, anaingia chini ya kitanda. Huko ng'ambo nani angempokea? Waliomchinja baba yake ndio wanaolima shamba la baba yake. Akirudi, atamgongea nani mlango?

Siku mbili kabla ya mwisho alichukua wembe wake wa kufumulia, akafungua godoro, akatoa karatasi. Safi! Kama jana. Moyo ukatulia kidogo. Akamfuata muuza dagaa, wakaenda ofisini pamoja.

Muuza dagaa alitangulia dirishani. Karani, binti mdogo tu, akaipokea ile karatasi kwa ncha za vidole, akabana pua, akahesabu mihuri mitano nyuma yake, akagonga wa sita. "Pita, mama." Basi. Kupiga chafya kunachukua muda zaidi.

Mshona magodoro akaweka yake.

"Hiki ni chako, mama?"

"Changu, binti yangu. Cha kudumu. Hakina hata kovu."

"Nakiona. Mihuri iko wapi?"

"Mihuri ya nini, na cha kudumu?"

Karani hakubishana. Akachukua muhuri, akaugonga juu ya plastiki. Wino ukateleza. Akaupangusa kwa kidole. "Hapashiki."

"Ngoja nikivue plastiki!" Akautoa wembe, akapasua pembeni, akavuta. Plastiki ikatoka, ikatoka na picha. Ikatoka na jina. Ikatoka na lile neno la herufi kubwa. Akabaki na plastiki mkono mmoja, na karatasi nyeupe mkono wa pili.

Karani akaitazama ile karatasi, wala hakukasirika, na hilo ndilo lililotisha. "Sioni mtu hapa, mama. Nenda mlango wa kushoto, wa wanaoingia leo. Usipotaka, lori liko nyuma."

Akaenda kushoto. Baada ya miaka ishirini na sita akaketi kwenye benchi, katikati ya watu wenye vumbi la njiani miguuni, kuulizwa upya: wewe ni nani, na nani hapa anakujua?

Mnamcheka? Msimcheke. Sisi je?

Kadi zetu za ubatizo ziko wapi? Nyingine nimeziona ukutani, zimepigwa laminesheni! Tuliokoka mwaka ule wa mkutano mkubwa, na mpaka leo ushuhuda ni uleule, hata kikohozi cha katikati ni kilekile. Ukiulizwa umemsamehe nani mwezi huu, unasema nimeokoka. Nani mwenye njaa amekula kwako? Nimeokoka. Dada yako unasalimiana naye? Nimeokoka! Kila muhuri wa Bwana unateleza, kwa sababu tumejifunika plastiki tusiguswe.

Na yule mwenzetu anayenuka dagaa, tunayemkwepa kwenye benchi, yeye kila mwaka anarudi kugongwa, amechakaa, hana pa kung'aa. Atapita mbele yetu, na aliye dirishani hatabana hata pua.

Lori lipo, akina mama. Nendeni mkafumue magodoro yenu kabla halijawashwa.