Kikapu cha Majabali

Hapo zamani za kale, kabla bibi yenu hajaota jino la kwanza, wanyama walikuwa na ligi ya mpira wa kikapu. Mnacheka nini? Ilikuwa ligi ya kweli, ya wachezaji wasiolima wala kuvua. Kazi yao ilikuwa mpira, na jamaa zao wa mtaani ndio waliowalisha.

Timu iliyotamba kila msimu ilikuwa Kilele. Nahodha wake alikuwa Mzee Twiga, na pamoja naye walicheza Tembo, Kifaru na wengine wa kimo hicho hicho. Timu iliyoburura mkia kila msimu ilikuwa Majabali, timu ya wadogo wanaoishi kwenye mawe. Nahodha wao alikuwa Bi Pimbi, mfupi kama chungu cha mboga, lakini ulimi wake ulikuwa mrefu kuliko shingo ya Twiga. Alikuwa na Digidigi mwenye mbio, Kindi, Kobe, na Nungunungu, aliyelazimika kucheza amevaa gunia ili miiba yake isitoboe mpira.

Mtaniuliza, walicheza kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kisima. Nchi ile ilikuwa na kisima kimoja tu kisichokauka kiangazi. Timu ikichukua ubingwa, jamaa zake ndio hutangulia kunywa mpaka mvua irudi, na wengine hupanga foleni nyuma yao. Na Tembo akishaoga mle ndani, wajukuu zangu, kinachobaki si maji tena. Watoto wa Majabali walikuwa wakinywa tope. Mama zao walilichuja kwa kitambaa, wakalichuja tena, likabaki tope.

Kiangazi kimoja mtoto wa dada yake Bi Pimbi aliugua tumbo mpaka akabaki mifupa. Bi Pimbi alikaa karibu na mkeka wa yule mtoto, akamwambia mama yake mzazi, "Mama, mwakani watoto hawa watakunywa maji. Nikishindwa, usiniite mwanao."

Basi msimu ukaanza, na Majabali wakacheza kama waliofunguliwa kamba. Wakawafunga Nyani, ambao walinyang'anyana mpira wao kwa wao. Wakawafunga Fisi, ambao walicheka mno wakasahau kukaba. Wakawafunga Ngiri pia. Du, du, du, mpira unadundwa chini chini, Digidigi huyoo, anampa Kindi, Kindi yuko juu ya mgongo wa Kobe, chwaa, kikapuni.

Mechi moja tu iliwashinda, ile waliyocheza kwa Kilele. Unajua, ilikuwepo sheria ya zamani, iliyotungwa na babu yake Twiga: mwenyeji ndiye anayetundika kikapu, na mgeni halalamiki. Twiga alikitundika kwenye tawi la juu kabisa la mgunga, mahali panapofikiwa na mdomo wake peke yake. Majabali hawakupata hata pointi moja. Walirudi nyumbani, Nungunungu akilia ndani ya gunia lake.

Kilele nao walipoteza mechi moja, tena kwa upuuzi. Walipocheza na Ngiri, Tembo aliukalia mpira, paa, ukapasuka, na mwingine haukuwepo. Mwamuzi, Bwana Korongo, akawapa Ngiri ushindi. Hivyo mwisho wa msimu Kilele na Majabali wakawa sawa kwa pointi, na imebaki mechi moja tu, kati yao wenyewe. Atakayeshinda ndiye bingwa, na kisima ni chake.

Kwa haki, mechi hiyo ilikuwa ichezwe nyumbani kwa Majabali. Lakini Kilele hawakuwahi kukanyaga kule. Kila mwaka walisema, "Kwenu mawe matupu, tutavunjika miguu," na timu nyingine zote zikaiga maneno hayo. Majabali walicheza ugenini kila mechi. Hakuna aliyebisha. Wewe ungebishana na Kifaru?

Asubuhi moja Bi Pimbi akajifunga kitambaa kichwani, akaenda mpaka nyumbani kwa Mzee Twiga. Alimkuta kibarazani na Tembo, mkewe akimpaka mafuta shingoni, kazi ambayo akiianza asubuhi huimaliza jioni. Bwana Korongo naye alikuwepo, amesimama kwa mguu mmoja, amekuja kuuliza mechi itachezwa wapi.

"Hodi wenyewe," akasema Bi Pimbi. "Shikamoo, Mzee Twiga."

"Marahaba. Nani huyo? Nasikia sauti, simwoni mtu."

Tembo akacheka mpaka kikombe chake cha uji kikamwagika. Bi Pimbi hakukasirika. Aliketi chini, akaanza kulia.

"Mzee wangu, nimekuja kuomba jambo moja. Mechi ya mwisho ichezwe hapa hapa kwako, kama kawaida. Nakusihi, msije kwetu."

"Kwani kwenu kuna nini?"

"Kuna mama yangu. Ni mzee, hawezi kusafiri, na hajawahi kuniona nikicheza. Mimi nimemwambia kwamba mimi ndiye mchezaji bora nchi nzima. Naye amewaambia majirani wote. Mkija kutufunga pale, mbele ya macho yake, nitaficha wapi uso wangu? Hapa nikifungwa, nitarudi nimdanganye."

Twiga akateremsha shingo taratibu ili amtazame vizuri. Macho yake yaling'aa. Kuwafunga Majabali alikwisha kuwafunga, hilo halikuwa na utamu tena. Lakini kuwafunga mbele ya mama zao!

"Tembo, umesikia?"

"Nimesikia, mzee. Mimi nasema twende."

"Jamani, na yale mawe?" Bi Pimbi akalia zaidi. "Mtavunjika miguu."

"Mawe gani? Sisi ni wa kuogopa vijiwe?" akasema Twiga. "Bwana Korongo, andaa. Mechi ni kwa Majabali. Na wewe Bi Pimbi, mlete mama, mlete na shangazi, wote waketi mbele."

"Basi, kama mzee umeshikilia," akasema Bi Pimbi kwa sauti ndogo, "na iwe kwa sheria. Asije mtu akasema Majabali hatukuwa wenyeji."

"Sheria ni sheria. Babu yangu ndiye aliyeitunga. Wenyeji ni nyinyi."

"Nimeshuhudia," akasema Korongo, akashusha mguu wake wa pili.

Bi Pimbi akaondoka akilia. Alilia mpaka akaipita kona. Hapo akafuta machozi, akaanza kupiga mluzi.

Siku ya mechi ikafika. Watu walijaa juu ya majabali toka alfajiri, na mbele kabisa aliketi mama yake Bi Pimbi kwenye kigoda, ameshika fimbo yake. Kilele wakaingia, ardhi ikitetemeka, tindi, tindi, tindi. Twiga akainua shingo kutafuta kikapu. Akatazama huku, akatazama kule. Akatazama mbingu.

"Bwana Korongo, mbona sioni kikapu?"

Korongo akaelekeza mdomo wake chini.

Huko chini, kwenye mwanya chini ya jiwe bapa, palitundikwa kikapu kimoja. Upande wa pili wa uwanja, chini ya jiwe jingine, palitundikwa cha pili. Vyote viwili vilimfikia Kobe kifuani.

"Huu ni mzaha gani?" Twiga akafoka. "Kikapu kinakaa juu!"

"Wapi palipoandikwa?" akauliza Bi Pimbi kwa adabu. "Mwenyeji ndiye anayetundika. Mimi nimetundika pale mkono wangu ulipofika. Na wewe mzee kwako hutundika pale mdomo wako unapofika."

"Mgeni halalamiki," akasema Korongo, na kabla Twiga hajajibu, akapuliza filimbi. Fyuuu!

Ee, mngekuwepo! Twiga akipewa mpira lazima atanue miguu ya mbele, huku na huku, ndipo shingo ifike chini. Na kila akitanua, Digidigi anapita chini ya tumbo lake na mpira, du, du, du, chwaa. Kifaru alikuja kwa kishindo, akaukosa mpira, pembe ikanasa kwenye ufa wa jiwe. Walimchomoa wanne. Aliponasuka alitaka kumwegemea Nungunungu kwa nguvu, akaliona gunia limeanza kutoboka toboka, akaghairi.

Watu wa Majabali wakashangilia. Bi Pimbi akadhani kazi imekwisha, na hapo ndipo alipokosea.

Maana alimsahau Tembo. Tembo hahitaji kuinama. Mkonga wake ulishuka mpaka chini, ukaubeba mpira, ukautia kikapuni polepole, pwa. Wakampa tena. Pwa. Majabali walikuwa wameongoza, wakafikiwa, wakapitwa. Kobe alijilaza mlangoni mwa kikapu, mkonga ukamwinua, ukamweka pembeni, ukaendelea na shughuli zake.

Mechi ilikuwa imepangwa kuisha kivuli cha jabali kubwa kitakapofika mstari wa katikati, na kivuli kilikuwa kinatambaa. Bi Pimbi akatazama juu akamwona yule mtoto wa dada yake, mwembamba vile vile, amekaa miguuni pa bibi yake. Moyo ukampasuka.

Sasa, wajukuu zangu, akili haikai kwenye kimo. Bi Pimbi akaacha kukimbia. Akatembea mpaka alipokuwa Twiga, ambaye kwa muda mrefu hakuwa ameugusa mpira wala jina lake kutajwa.

"Pole, mzee," akamwambia. "Uzee huja kwa kila mtu."

"Uzee wa nani?"

"Aa, mimi sisemi kitu. Ni mama yangu tu anayeuliza. Anauliza, yule bwana mwenye mkonga ndiye nahodha wa Kilele siku hizi? Nimemwambia hapana. Akasema, basi huyu mrefu wanamleta wa nini?"

Twiga akageuza shingo. Ni kweli kwamba mashabiki wao waliokuja toka Kilele walikuwa wakiimba, "Tembo! Tembo!" Hakuna aliyeimba Twiga.

"Kifaru!" akaita. "Mpira nipe mimi."

"Lakini mzee, Tembo yuko karibu na..."

"Nahodha ni nani?"

Kifaru akampa. Twiga akatanua miguu, akainama, akajaribu kuutia mpira kwa mdomo. Pua ikagonga jiwe, ko, mpira ukamponyoka. Kindi akaudaka, Digidigi huyoo, chwaa. Safari ya pili mpira ukamfikia Tembo, Twiga akampokonya nchani mwa mkonga. Ko! Safari ya tatu Tembo akakasirika.

"Kama ni hivyo, cheza peke yako," akasema, akaenda kusimama kando, mkonga ameukunja. Tembo akisusa, jamani, hata umbembeleze kwa shamba zima la miwa, hageuki.

Pointi zikawa sawa. Kivuli kilikuwa kimebakiza upana wa unyayo kufika mstarini. Mpira ulikuwa kwa Nungunungu, na njia yote imezibwa na Twiga, ametanua miguu, shingo iko chini, macho mekundu.

"Leo hupiti, mfupi wewe," akamwambia Bi Pimbi.

"Ni kweli, mzee, juu sipiti."

Nungunungu akausukuma mpira kwa tumbo. Bi Pimbi akaupokea, akajikunja, akaviringika pamoja nao katikati ya miguu minne ya Mzee Twiga. Twiga akageuza shingo kumfuata, akachungulia katikati ya miguu yake mwenyewe, akapepesuka, na kishindo cha kuanguka kwake kilisikika mpaka kwa Ngiri. Puu! Bi Pimbi alikuwa ameshasimama chini ya lile jiwe bapa. Akanyoosha mkono.

Chwaa.

Kivuli kikagusa mstari. Fyuuu, filimbi ikalia. Majabali yote yakaamka kwa vigelegele, Kobe akabebwa juu juu, Nungunungu akalirusha gunia hewani na kila mtu akamkimbia. Mama yake Bi Pimbi alitupa fimbo yake, akacheza bila fimbo. Furaha ya siku ile haijapata kuonekana tena nchini mwao.

Kesho yake asubuhi watu wa Majabali wakaenda kisimani, wadogo mbele. Mzee Twiga alisimama mwisho wa foleni, nyuma ya Tembo, na hawakusemezana. Bi Pimbi akamshika mkono yule mtoto wa dada yake, akamsogeza ukingoni.

Mtoto akainama anywe, akaruka nyuma.

"Mama mdogo, kuna mtu mle ndani."

"Ni wewe," akasema Bi Pimbi. "Maji safi ndivyo yalivyo, mwanangu. Ukiinama, unajiona. Kunywa."

Watoto wote wa Majabali wakaja kujitazama, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona uso wake.

Anayetunga sheria kwa kimo chake mwenyewe, ipo siku ataiinamia.