Kiboko na Mkia wa Dhahabu

Hadithi yabisha hodi!
— Ikaribie!
Imekuja na nini?
— Imekuja na chumvi!
Basi sogeeni. Na wewe wa nyuma, acha kusinzia.

Hapo kale, wanyama walipoanza kutumia kompyuta, kila faili lilipewa mkia: nukta, kisha herufi. Na mila ya mbuga ile ilikuwa kila mnyama na mkia wake, wawili hawachangii, ili mwenye maandishi ajulikane. Kiboko, mwenye tumbo na mabavu, alisukuma wenzake, pu! pu! pu!, akanyakua .txt. Pimbi mdogo, mkaa mawe, alifika wa mwisho akajichagulia .dhahabu.

Kiangazi kikaja. Ikabaki chemchemi moja. Simba akatangaza, "Kila mmoja aandike kanuni za chemchemi. Nitakayezipenda kanuni zake, huyo ndiye mlinzi. Atakunywa wa kwanza, yeye na wanawe."

Kiboko akaandika. Pimbi akaandika. Waliandika matini tupu, bila madoido: kichwa cha habari kikatangulizwa alama ya reli (#), neno la mkazo likavishwa nyota. Na Kiboko aliandika vizuri, tusimnyime haki yake. Angetulia, maji yangekuwa yake.

Lakini Kiboko na kutulia wapi na wapi! Asubuhi alimkuta Pimbi juu ya jiwe, amekumbatia simu yake, anaimba:

"Dhahabu, dhahabu, mkia wangu peke yangu!"

Kiboko akasogea. "Una nini hapo?"

"Sina kitu, mzee." Pimbi akaifunika simu kwa jani, fya!

Mchana Kiboko akarudi. Wimbo ni ule ule. "Una nini hapo?"

"Sina kitu, mzee." Jani, fya!

Kiboko hakula siku ile. Kiboko, hakula! Alijilaza topeni akigugumia: mimi mkubwa hivi nina vijiherufi vitatu, na kile kijitu cha mawe kina dhahabu? Wivu ulimkaba mpaka akaona .txt yake imechakaa, inanuka, ni mkia wa maskini.

Jioni akapanda mawe, puh, puh, puh. "Nipe mkia wako!"

"Mzee wangu, huu ni wa wateule..."

"Tubadilishane, au nikukanyage!"

Pimbi akalia machozi. Akamwita Kasuku ashuhudie, maana mabadilishano yakishashuhudiwa hayarudi nyuma. Kiboko akachukua .dhahabu, Pimbi akachukua .txt, huku analia. Kiboko akalala anatabasamu.

Siku ya baraza Kobe akaketi kwenye kompyuta. Akaligonga faili la Kiboko, ti! Kompyuta ikanguruma, ng'ooo! Akaligonga tena, ti! Ng'ooo!

"Haiujui mkia huu," Kobe akasema. "Haijui ilifungue kwa kitu gani."

"Ni dhahabu!" Kiboko akafoka.

"Hata uwe almasi, mzee. Halifunguki."

Akaligonga faili la Pimbi, ti! Pap! Likafunguka, maana mkia wa .txt iliujua. Alama za reli hizo, nyota hizo, Simba akasoma mpaka mwisho, akampa Pimbi chemchemi. Watoto wa Pimbi wakakimbilia maji, chubwi! chubwi!

Kiboko akamfuata mbio. "Ulijua!"

"Nilijua. Nilijaribu kompyuta ile ile wiki iliyopita, ikaningurumia vivyo hivyo. Nikakaa jiweni nikaimba."

"Turudishiane!"

"La, mzee. Huo ni wa wateule."

Tangu hapo Kiboko hujizamisha kwenye tope lake, macho tu yamebaki nje. Msidhani anaota jua. Anachungulia wenzake wana nini.

Na funzo, wanangu? Ukiona cha mwenzako kinang'aa, usiulize kinafanya kazi gani. Mnyang'anye upesi, na umwite shahidi!

Hadithi yangu imezimika hapo.
— Mwenye kuni aiwashe!