Kuba la Vyungu

Hapo zamani, katika mji wa Kiwandeo, hapakuwa na chumba kipana hata kimoja. Nyumba zote zilikuwa ndefu na nyembamba, ukiingia ni kama unapita uchochoroni. Si kwa ubahili. Dari zilishikiliwa na boriti za mikoko, na mkoko haurefuki kwa sababu wewe una wageni wengi. Urefu wa boriti ndio uliokuwa upana wa chumba, basi.

Mji ulipokutana kwa shauri, nusu walikaa chumba cha mbele, nusu chumba cha nyuma, ukuta katikati. Wa nyuma walisikia majibu bila kusikia maswali. Walikaa wamenuna, wakarudi makwao wamenuna, na lililoamuliwa hawakulifuata. Mwaka mmoja walikataa hata kuzibua mfereji, mvua ikaingia majumbani, nao wakasema, "Sisi hatukuwapo." Walikuwapo. Walikuwa chumba cha nyuma.

Mtawala wa mji, Mwana Zaharia, akachoka nao. Akatangaza, "Atakayeniezekea chumba kimoja cha kukaa mji mzima, pasiwe na ukuta katikati wala nguzo, jina lake litachongwa juu ya mlango. Na kiwanja kile cha mwisho kilichobaki ndani ya boma, chenye kisima cha maji matamu, ni chake. Jina moja, kiwanja kimoja."

Sasa mjue kwamba mafundi wote waliishi nje ya boma. Wenye mji walipenda kuta nyeupe, lakini moshi wa kuchomea chokaa hawakuupenda. Na huko nje maji yalikuwa ya chumvi. Uji wa chumvi, kuoga kwa chumvi, mtoto mchanga anaogeshwa maji ya chumvi analia. Kwa hiyo msinione natia chumvi nikisema kisima kile watu walikiota.

Akaja Shekue, fundi mwashi. Akasema, "Mwana, tuachane na boriti. Nitajenga kuba, mawe yashikane yenyewe." Watu wakamcheka. Akasimamisha magogo, akapanga mawe juu yake, akapandisha, akapandisha, na kabla kuba halijafungwa likapasuka likaanguka lote. Hakuumia mtu. Ila Shekue aliketi juu ya kifusi kutwa nzima, chakula hakionji. Mimi namhurumia mpaka leo.

Akaja Bi Somoe, mfinyanzi, jirani yake huko nje. Akakitazama kile kifusi, akasema, "Fundi, chini umejenga vizuri. Huko juu ndiko ulikolitwika mzigo. Juu weka vyungu vitupu, chungu ubavuni mwa chungu, na chokaa katikati."

"Vyungu, Bi Somoe? Niuezeke mji kwa vyungu?"

"Wewe unataka kitu kigumu na chepesi. Mimi sijui kingine."

Shekue akafikiri, akasema, "Basi nitavifunga kwa pete za mawe." Wakakubaliana. Bi Somoe akaacha kuuza, akafinyanga mwaka mzima kwa ajili ya kuba, wateja wake wote wakahamia kwa wengine.

Akaja Mzee Msellem, mchoma chokaa. Akasema, "Chokaa mpya itawaangusha tena. Kuba linataka chokaa iliyolala." Na chokaa iliyolala, jamani, haikuwa kitu cha kuokota. Desturi ya Kiwandeo ilikuwa hivi: binti akizaliwa, baba humchimbia shimo, hulijaza chokaa, huimwagia maji mwaka hadi mwaka. Binti akiolewa, hujengewa nyumba yake kwa chokaa ile. Mzee Msellem alikuwa na shimo moja tu, la binti yake Mwatumu, na posa ilikuwa imeshapokelewa. Akalifunua, akaitoa yote. Harusi ikaahirishwa. Mwatumu mwenyewe hakuulizwa.

Kuba likafungwa. Likakaushwa juu ya magogo yake, ikafika siku ya kuyaondoa. Na desturi nyingine ya mji ule, ambayo mafundi wa siku hizi wana bahati haipo, ni kwamba aliyejenga huketi chini ya alichokijenga wakati magogo yanatolewa.

Shekue akasema, "Mawe nayaapia. Vyungu sivijui. Akae Bi Somoe."

Bi Somoe akasema, "Vyungu naviapia. Chokaa siijui. Akae Mzee Msellem."

Mzee Msellem akasema, "Chokaa naiapia. Mpango wa mawe siujui. Akae fundi."

Wakarudia tena. Na tena. Jua likapanda, watoto wakaanza kulia njaa. Mwana Zaharia akasema, "Chumba kilichojaa magogo ni msitu, si baraza. Yasipotoka leo, nalibomoa."

Hapo Mwatumu akatoka katikati ya wanawake wenzake, mkeka mkononi. Akaingia, akautandika chini ya kuba, akaketi.

Baba yake akasema, "Mwanangu, toka humo."

"Baba, nyumba yangu iko pale juu. Nikae wapi kwingine?"

Magogo yakatolewa, moja moja. Lilipotoka la mwisho, kuba likaguna kidogo kama bibi anayekaa vizuri kitini, na vumbi jeupe likamwagika kichwani mwa yule binti. Watu wakasubiri. Kuba likatulia. Mwatumu akajipangusa, akasema, "Karibuni."

Wakaingia wote, wa chumba cha mbele na wa chumba cha nyuma, wakakaa wakitazamana. Wengine walikuwa na mvi, na hawakuwahi kuonana nyuso katika shauri. Ilikuwa furaha, na baadhi yao walilia bila aibu.

Na wale watatu, waliosukumiana kuba asubuhi, wakaanza kuligombea mchana.

Shekue akasema, "Mwana, kabla yangu hakuna aliyewaza kuba. Niliaibika mbele ya mji mzima, na nikarudi kazini."

Bi Somoe akasema, "Alirudi na kuba la vyungu vyangu. Bila vyungu angerudi na kifusi kingine."

Mzee Msellem akasema, "Wao walitoa walichoweza kukitengeneza tena. Mimi nilitoa kisichorudi. Shimo lile sitaishi kuliona likijaa upya."

Mwatumu akasema kwa upole, "Baba, ulitoa changu."

"Ningekuuliza, ungekataa?"

"Nisingekataa. Lakini hukuniuliza." Akamgeukia Mwana Zaharia. "Mimi sikujenga kitu, Mwana. Chokaa ilikuwa yangu, na nilikaa walipoogopa kukaa wenye kujenga."

Bi Somoe akadakia, "Baba anadai, binti anadai, nyumba moja mikono miwili!"

Mwana Zaharia akaurudisha mzigo kwa watu. "Baraza ni lenu. Semeni."

Wakasema. Walibishana mpaka jua likachwa, huyu anasikia, yule anajibu, na hakuna aliyenuna, kwa sababu hapakuwa na chumba cha nyuma cha kununia. Mwana Zaharia aliketi akicheka peke yake. Mchonga milango naye amekaa mlangoni, patasi mkononi. Amekwisha kuchonga maua pembe zote, katikati ameacha pa jina moja tu, na kisima kinangoja mwenyewe.

Mimi nimelala na jibu langu, nikaamka na jingine. Sasa nanyi semeni, na aliyeketi nyuma kule aseme kwanza: aliyewaza, aliyefinyanga, aliyetoa, au aliyekaa? Je, nani alistahili?