Rufaa ya Bi Sange na Funda la Tembo

Paukwa!
Pakawa!
Kisima?
Kipo!
Na maji?
Muulizeni Tembo!

Basi hapo kale wanyama walikaa baraza la kupima maji. Mwenyekiti alikuwa Tembo. Akasoma kanuni: "Kila mnyama funda moja." Wote kimya. "Kimya ni ndiyo," akasema, akagonga mguu, ndii!

Asubuhi yake akatangulia kisimani. Funda moja: fyoooo! Likabaki tope. Bi Sange, kijinyama cha pua ndefu na miguu isiyotulia, akawaona wanawe watatu wanalamba tope. Akaenda huku, akarudi huku, chakara-chakara.

"Mwenyekiti, nakata rufaa!"

"Rufaa husikilizwa siku nzima," akanguruma Tembo, "na siku hiyo kisima hufungwa." Kanuni hiyo aliitunga mwenyewe, ili wadogo waogope.

Kikafungwa. Jioni Tembo akauliza:

"Kanuni ilisomwa?"

"Ilisomwa."

"Mlikaa kimya?"

"Tulikaa."

"Rufaa imetupwa!"

Bi Sange akaenda huku, akarudi huku. Alfajiri akawapeleka wanawe majanini, wakalamba umande, nyo, nyo, nyo. Mara akamwona Tembo anaburuta mkonga, midomo imekauka. Loo! Kumbe umande haumtoshi mkubwa!

"Mwenyekiti, leo nakatia rufaa neno 'kila'."

Kisima kikafungwa. Ilisomwa? Ilisomwa. Imetupwa!

Kesho yake: "Nakatia rufaa neno 'mnyama'."

Kikafungwa. Ilisomwa? Ilisomwa! Imetupwa! Tembo sasa hakai, hasimami.

Siku ya nne: "Nakatia rufaa neno..."

"Mama wee!" akalia Tembo. "Yamebaki mangapi?"

"Mawili tu, baba. Halafu nukta."

"Unataka nini, mwanamke wewe?"

"Wadogo kwanza."

"Iandikwe! Nani anapinga?"

Wote kimya.

"Kimya ni ndiyo," akasema Bi Sange, akagonga kiguu chake, ti!

Siku zile za kufungwa, kisima kilikuwa kimejaa pomoni. Watoto wa Sange wakanywa, nyo, nyo, nyo, taratibu kama wanaonja mchuzi. Tembo yuko mkiani mwa foleni, mguu huu, mguu ule. Uvumilivu ukamshinda, akainua mkonga: "Nakata ru..."

"Kisima kifungwe!" wakadakia wote.

"Chafya!" akasema Tembo. "Ni chafya tu, jamani!"

Ngano yangu imeshakunywa. Mwenye kiu achimbe yake. Nanyi wajukuu zangu, shikeni hili: rufaa haijapata kumsaidia mtu. Alisema Tembo, nasi tulikaa kimya.